OSCAR na oksimita ya usiku: kuingiza data ni rahisi, kazi iko kwenye saa

Kama unatumia CPAP, ile mashine ya kusukuma hewa kwa wanaokatikiwa na pumzi usingizini, na kila asubuhi unaangalia AHI tu, yani idadi ya mara kwa saa ambazo pumzi imekatika au kupungua, afu unaendelea na siku yako, ujue kuna sehemu kubwa ya usiku hujaiona. Mashine inapima hewa inavyoingia na kutoka, inapima presha ya hewa, inapima maski inavuja kiasi gani, lakini oksijeni kwenye damu haiijui kabisa. AHI inaweza kusoma 2 au 3, chini ya ile 5 ambayo madaktari wanaihesabu kuwa kawaida, na bado oksijeni ikawa inakaa chini kwa muda mrefu kwa sababu ya mapafu, au kwa sababu mwili ukilala unapumua kidogo kidogo bila hewa kukatika, na asubuhi skrini ikakuambia umelala vizuri. Hapo ndipo oksimita inapoingia, kifaa cha kuvaa kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, na hapo ndipo swali linapokuja la namna ya kuitoa hiyo data kwenye kidole na kuiweka sehemu moja na data ya CPAP, kwa sababu grafu mbili zilizokaa sehemu mbili tofauti hazikusaidii chochote.

Mimi natumia OSCAR na ndio nairiviu hapa. Ni programu ya bure ya kusoma data ya CPAP, chanzo wazi, inakubali Windows, Mac na Linux, na imeanzia kwenye SleepyHead aliyoitengeneza Mark Watkins, ilipokwama wengine wakaichukua wakaiendeleza kwa jina hili la OSCAR tangu 2019. Data yako inakaa kwenye kompyuta yako, hakuna akaunti ya kufungua. Na tofauti na apu kama myAir inayokupa maksi na muhtasari, hii inakuonyesha pumzi moja moja usiku mzima, mradi tu kadi ya SD ilikuwa ndani ya mashine wakati umelala, kadi isipokuwepo ile data ya kina haiandikwi.

Sasa kabla hujagusa oksimita, ingiza data ya CPAP kwanza. Hili nalisisitiza na OSCAR yenyewe inakukumbusha kwenye ukurasa wa mwanzo wa Oximetry Wizard, ile wizadi inayokuongoza hatua kwa hatua kuingiza data ya oksimita, kwa sababu kuna oksimita zinazotoa mstari wa namba bila kujua usiku ulianza saa ngapi, na OSCAR inahitaji kipindi cha CPAP ambacho kiko tayari ndani ili ijue huo mstari iubandike wapi. Na ukiitoa kadi ya SD kwenye mashine, kile kiswichi kidogo cha pembeni kisogeze kwenye loku kabla hujaichomeka kwenye laptopu, maana kompyuta nyingine zikiona kadi zinaandika vifaili vyao humo na mashine ikirudishiwa kadi inaweza kuikataa.

Nianze na jamii ya Contec, yani CMS50D+, CMS50E, CMS50F na CMS50I, hizi ndizo OSCAR inazisoma moja kwa moja kwa waya, pamoja na ndugu zake zinazouzwa kwa jina la Pulox kama PO-200, PO-300 na PO-400 ambazo ndani ni vifaa vilevile. Kinachowakwamisha watu hapa mara nyingi ni drayva. Oksimita hizi zinaongea na kompyuta kwa njia ya siriali, kwa hiyo kompyuta inatakiwa iwe na drayva ya USB kwenda siriali, isipokuwepo OSCAR itatafuta kifaa weee na haitakiona, na wewe utaanza kulaumu waya. Tumia pia waya uliokuja na kifaa chenyewe, waya wa chaji wa simu usijaribu nao kwanza. Kingine, kwa wenye E na F, usiguse ile aploadi kwenye oksimita mpaka OSCAR ikuambie sasa bonyeza, ukiwahi data inaanza kumwagika kabla upande wa pili haujawa tayari kupokea. Na usitegemee Bluetooth, hata kama modeli yako inayo, OSCAR kwa Contec inataka waya.

Wizadi inakupa njia tatu. Ya kwanza ni kuvuta rekodi iliyolala kwenye kifaa, hii ndio ya watu wengi na ndio naipendekeza. Ya pili ni kulala oksimita ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta usiku kucha, unapata na ile grafu ya wimbi la mapigo ya moyo lakini una waya kidoleni, hozi usoni, na kompyuta inayotakiwa isizime hadi asubuhi, kwangu mimi hiyo ni ya mtu anayefanya utafiti. Ya tatu ni kufungua faili ambalo tayari lilihifadhiwa na programu nyingine, mfano SpO2Review ya Contec, au faili la dat la ChoiceMMed MD300W1. Hii ya tatu ni mkombozi pale drayva inapokugomea kabisa, unatoa data kwa programu ya mwenye kifaa afu unaileta OSCAR kama faili.

Kuna kijisanduku cha kufuta rekodi kwenye oksimita baada ya kuivuta. Mimi nakiacha bila tiki mpaka niione grafu kwa macho yangu kwenye ukurasa wa siku, nikishaiona ndio nafuta.

Kisha unafika kwenye ukurasa ambao kwangu ndio moyo wa kazi yote, ule wa kuuliza rekodi ilianza saa ngapi. Unachagua kati ya saa ya oksimita yenyewe, au kwamba uliiwasha oksimita muda uleule ulipowasha CPAP halafu unakionyesha kipindi husika. Kwa modeli ambazo hazina saa ndani unategemea hiyo ya pili, kwa hiyo usiku jenga mazoea: maski usoni, washa CPAP, bonyeza rekodi kwenye oksimita hapohapo bila kuingiza shughuli nyingine katikati. Ukiwasha oksimita, ukaenda kuzima taa, ukarudi ukajibu meseji, ndio ukavaa maski, grafu zako zitapishana kwa dakika nzimanzima na OSCAR haina namna ya kujua. Modeli yenye saa ni bora zaidi, na kwa hizo OSCAR ina setingi ya kuirekebisha saa ya CMS50 ifuate ya kompyuta, iwashe hiyo.

Lakini hata saa ya oksimita ikiwa sawa bado kuna saa ya CPAP, na hii ndio inayosahaulika. Saa ya mashine inateleza taratibu, leo sekunde chache, baada ya miezi ni dakika. Njia rahisi ya kuijua: usiku unapobonyeza kuwasha mashine angalia saa ya simu mpaka sekunde, iandike mahali, asubuhi ukishaingiza kadi angalia OSCAR inasema kipindi kilianza saa ngapi. Tofauti yake ndio mtelezo. Kwenye Preferences upande wa CPAP kuna sehemu imeandikwa CPAP Clock Drift, unaweka hiyo tofauti kwa sekunde na mambo yanakaa sawa. OSCAR inatahadharisha palepale kwamba hiyo setingi sio ya kurekebisha taimzoni, na ni kweli, taimzoni inarekebishwa kwenye kompyuta yenyewe.

Kwa nini nakomaa na sekunde hivi? Kwa sababu thamani yote ya kuunganisha hizi data iko kwenye kuona kipi kimesababisha kipi. Tuseme umezoom hadi kipande cha dakika mbili, mtiririko wa hewa juu, SpO2, yani asilimia ya oksijeni kwenye damu, chini yake, mapigo ya moyo chini kabisa, na uzuri wa OSCAR ni kwamba ukiburuta mausi kwenye grafu moja zote zinasogea pamoja. Kwenye 03:12:10 mstari wa hewa unalala, flati kabisa, OSCAR inaonyesha alama ya apnea, yani hewa kukatika. Kwenye 03:12:35 hewa inarudi kwa pumzi kubwa mbili tatu, mapigo yanaruka juu palepale kwa sababu mwili umeshtuka. Oksijeni sasa, wakati hewa inarudi, ndio kwanza inateremka, inafika chini kabisa kama 03:12:55 afu ndio inapanda. Huko kuchelewa ni kawaida, damu iliyokosa oksijeni kwenye mapafu inahitaji muda kusafiri hadi kidoleni, sekunde 10 hadi 30 hivi, na kifaa chenyewe nacho kinafanya wastani wa sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha namba. Kwa hiyo ukiona SpO2 inashuka kabla apnea haijaanza, na inafanya hivyo tukio baada ya tukio, usitafute ugonjwa mpya hapo, saa zako zimepishana. Na ukishajua hivyo unaweza kuitumia data yenyewe kupanga saa, tafuta apnea moja ndefu iliyosimama peke yake, angalia mteremko wake uko wapi, rekebisha, afu kagua na tukio lingine mbali kidogo uone kama nalo limekubali.

Ukigundua umeshaingiza usiku mzima kwa saa isiyo sahihi hakuna hasara. Kwenye menyu ya Data kuna sehemu ya kufuta data ya siku uliyoichagua, na unaweza kufuta oksimita peke yake ukaiacha CPAP bila kuguswa, kisha unaingiza upya. Hiki ni kitu kidogo lakini nakiheshimu sana, waliotengeneza walijua watu watahitaji kurudia.

Upande wa pili kuna pete, O2Ring ya Wellue ambayo ndani ni Viatom. Hii kuvaa ni raha, inakaa kwenye dole gumba, haina waya, haidondoki unapogeuka, na saa yake inafuata simu kila ukiiunganisha na apu ya ViHealth, kwa hiyo habari ya saa upande wa oksimita inakuwa imeisha. Asubuhi ukiivua inamalizia rekodi, unafungua apu, data inapanda kwa Bluetooth hadi kwenye simu. OSCAR haihusiki hapo. Unachotakiwa kufanya ni kulitoa faili ghafi, lile ambalo jina lake ni tarehe na saa vimeandikwa mfululizo kuanzia mwaka hadi sekunde, kwa simu au kwa programu yao ya kompyuta, O2 Insight Pro, afu kwenye OSCAR unaenda menyu ya Data unachagua Import Viatom/Wellue Data. Sio ile wizadi. Wengi wanaingia kwenye wizadi wanasubiri iione pete na haitaiona kamwe. Na ripoti ya PDF ni nzuri kwa kumwonyesha mtu lakini OSCAR haiwezi kuifanyia chochote, shika faili ghafi. Ushauri mwingine, faili lolote la data usilifungue kwenye Excel ukalisevu, Excel inapenda kubadilisha mpangilio wa tarehe kimyakimya.

Kwenye njia ya pete hakuna ukurasa wa kukuuliza saa, inachukua saa iliyoko kwenye faili. Ndio maana ile Clock Drift ya CPAP inakuwa muhimu mara mbili kwa mwenye pete, ni sehemu pekee ya kusawazisha.

Kama unaniuliza ipi bora kwa data yenyewe, jibu langu linategemea unatafuta nini. Contec inaandika kila sekunde, pete inaandika kila sekunde 4. Kwa kuangalia usiku mzima ulikwendaje pete inatosha kabisa, na kwa sababu inavalika utaivaa kila usiku, na usiku mwingi wenye data ya kawaida unanisaidia kuliko usiku mmoja wenye data ya kina. Kwa kuchimba tukio moja moja kama pale juu, Contec inakupa mteremko uliochongeka vizuri zaidi. Ndani ya Contec zenyewe usinunue ya kubana kidole ukitegemea kulala nayo, ile kibanio inachomoka mtu akigeuka, chukua CMS50F ya mkononi yenye kofia laini ya mpira kwenye kidole. Na kwenye pete izime au ishushe ile alamu ya kutikisika kama lengo lako ni kurekodi, kwa sababu kama inakuamsha kila oksijeni ikishuka basi usiku unaourekodi sio usiku wako wa kawaida tena.

Data ikishaingia kuna namna ya kuisoma, na hapa OSCAR inakupa vitu vingi lakini uamuzi ni wako. Namba ya kwanza ambayo jicho linakimbilia ni ya chini kabisa, ile min, na ndio namba ninayoiamini kidogo kuliko zote. Kidole kikisogea, mkono ukilaliwa, damu ikibanwa, kifaa kinapoteza mapigo na kinaweza kutupa asilimia 62 kwa sekunde mbili na hakuna aliyekosa hewa. Mteremko wa kweli unashuka kwa mshazari na unapanda haraka, na juu yake kwenye mtiririko wa hewa kuna sababu. Wa uongo unadondoka wima kama ukuta na unarudi wima, na mara nyingi grafu ya mapigo nayo imevurugika palepale. Ukiona meno ya msumeno yaliyofuatana saa nzima, hasa alfajiri ambapo usingizi wa ndoto unakuwa mwingi, hiyo ipe uzito, presha ya CPAP inaweza kuwa haitoshi. Ukiona mstari umekaa chini, 87 au 86, hauyumbi, hakuna apnea juu yake, hiyo ni habari nyingine kabisa na ni ya kupeleka kwa daktari mapema, sio ya kuchezea presha mwenyewe.

OSCAR inaweka bendera kila oksijeni ikishuka kwa asilimia fulani kwa muda fulani, na vigezo hivyo unaweza kuvibadilisha kwenye Preferences. Kabla hujalinganisha namba zako na za mtu mwingine au za maabara hakikisha mnatumia kipimo kimoja, kwa sababu wapo wanaohesabu mshuko wa asilimia 3 na wapo wa asilimia 4, na usiku uleule utatoa idadi mbili zilizoachana mbali. Mimi nikishachagua sibadilishi, maana nikibadilisha siwezi tena kulinganisha mwezi huu na uliopita. Ninachokithamini zaidi ni muda, yani umekaa dakika ngapi chini ya 88, kuliko idadi ya bendera.

Na kuna jambo ambalo sisi wenye ngozi nyeusi tunatakiwa kulijua vizuri kuhusu hizi namba. Oksimita inapitisha taa mbili kwenye kidole, nyekundu ya nanomita 660 na infraredi ya 940 hivi, inapima kila moja imemezwa kiasi gani, na rangi ya ngozi inaingilia. Utafiti uliochapishwa kwenye New England Journal of Medicine mwaka 2020 uliangalia wagonjwa ambao oksimita iliwasomea 92 hadi 96, afu wakapimwa damu yenyewe ya ateri, na walioonekana kuwa chini ya 88 kwa kweli walikuwa asilimia 11.7 kwa weusi na 3.6 kwa weupe. Februari 2021 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikatoa tahadhari kuhusu hilo. Maana yake kwa vitendo ni kwamba kifaa kikisema 91 usikae umetulia kwa sababu tu hakijafika 88, na hata kifaa kizuri kinaruhusiwa kukosea kwa asilimia 2 hadi 3 hivi juu au chini. Mwenendo wa usiku wako mwenyewe, kifaa kilekile, kidole kilekile, bila rangi ya kucha na mkono ukiwa na joto, huo una nguvu kuliko namba moja. Na mwambie daktari wako kuhusu hili waziwazi, usidhani lazima analikumbuka.

Kwa wasiotaka kusumbuka na drayva kabisa kuna SleepHQ, inafanya kazi kwenye brauza, unapandisha kadi ya CPAP na data ya pete vikakaa pamoja, na ni rahisi kumtumia mtu linki akaona usiku wako. Ila huko data ya afya yako inaondoka kwenye kompyuta yako inakaa kwa mtu mwingine, kila mtu aamue mwenyewe, mimi nimebaki OSCAR kwa sababu hiyo.

Nyota naipa nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu iliyobaki ni kwa sababu kuna njia mbili tofauti za kuingiza, wizadi kwa Contec na menyu nyingine kwa pete, na mtu mgeni hana namna ya kujua aanzie wapi, wangeweka mlango mmoja unaouliza una kifaa gani wangeokoa watu wengi.

Ukienda kwa daktari usibebe laptopu nzima. Zoom kwenye matukio mawili au matatu yenye maana, hewa, SpO2 na mapigo vikiwa vimepangwa juu na chini, bonyeza F12 OSCAR ikupigie picha ya skrini, ongeza na picha moja ya usiku mzima, na andika pembeni ni kifaa gani, kidole gani, na kwamba saa umeshazisawazisha.